Mawimbi ya mshtuko na neva za pembeni: nishati ndogo au kubwa, mashine ya kulenga au ya kutawanya?

Mgonjwa ambaye kisigino humuuma kila akikanyaga chini asubuhi, na mgonjwa ambaye vidole humfa ganzi usiku, wanaweza kulazwa kwenye kitanda kilekile mbele ya mashine ileile ya mawimbi ya mshtuko, yaani mapigo makali ya mgandamizo yanayopitishwa kwenye ngozi ili kutibu kilicho chini yake. Kinachotakiwa kwa neva zao za pembeni (zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo), hata hivyo, kinapingana. Wa kisigino anahitaji nyuzi nyembamba zinazobeba maumivu zinyamazishwe. Wa vidole ana neva iliyobanwa ambayo haitakiwi kupoteza hata uzi mmoja, bali ilishwe damu na ipate nafuu. Mashine haitofautishi hayo mawili. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha mashine na mashine au bei na bei, amua kwanza unataka neva ifanye nini: inyamaze, iote upya, au ilegeze msuli. Kila lengo lina kipimo chake cha nishati, na kipimo cha lengo moja kinaweza kuharibu lengo jingine.

Nishati ndogo na nishati kubwa

Hapa ndipo uamuzi mzito ulipo, kuliko hata aina ya mashine. Nguvu ya wimbi moja hupimwa kwa milijuli kwa kila milimita mraba (mJ/mm²). Wengi huita chini ya 0.08 nishati ndogo, 0.08 hadi 0.28 nishati ya kati, na zaidi ya hapo kubwa. Wengine hugawa mara moja tu, kwenye 0.12. Ukisoma itifaki (mwongozo wa tiba) inayosema "nishati ndogo", tafuta namba yenyewe, maana neno hilo peke yake halitoshi.

Nishati kubwa huua nyuzi nyembamba. Sungura waliopigwa mawimbi 1500 ya 0.9 mJ/mm² kwenye paja, walipochunguzwa baada ya wiki 6, walikutwa wamepoteza nyuzi nyingi zisizo na ala ya mayelini (utando wa mafuta unaozunguka uzi wa neva) katika neva ya paja, huku nyuzi nene zenye mayelini zikiwa zimebaki. Nyuzi zisizo na mayelini ndizo zinazobeba maumivu mazito, yale ya kuwaka moto na kudumu. Nyuzi nene ndizo za nguvu za misuli na za kuhisi mguso. Kwenye majaribio ya aina hiyohiyo, kemikali ya maumivu iitwayo sabstansi P ilipanda saa 6 na saa 24 baada ya tiba, kisha wiki ya 6 ikawa imeshuka chini ya kawaida. Hili linaeleza jambo linalowachanganya wagonjwa wengi: maumivu huzidi siku ya kwanza au ya pili, halafu nafuu inakuja polepole baada ya wiki kadhaa. Mgonjwa asiyeambiwa hivyo mapema huacha tiba baada ya mara ya kwanza, akiamini ameumizwa.

Nishati ndogo ni habari nyingine, lakini tenganisha mwisho wa neva na shina la neva. Kwenye ngozi ya panya, hata mawimbi ya kiasi cha 0.08 mJ/mm² yalifuta miisho ya neva za hisia, nayo ikaota tena ndani ya wiki 2 hivi. Tiba iliporudiwa, miisho ilichelewa zaidi kurudi. Ndiyo sababu moja ya kurudia tiba mara 3 kwa ajili ya maumivu, badala ya kupiga mara moja kwa nguvu nyingi. Shina la neva hupokea kipimo hicho kwa namna tofauti: badala ya kufa, linachochewa.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa kuchochea ulitoka Vienna mwaka 2012. Watafiti walikata neva ya siatiki (neva kubwa ya mguu) ya panya, wakaziba pengo kwa kipande cha neva cha milimita 8, kisha wakapiga mawimbi 300 ya 0.1 mJ/mm² kwa kasi ya 3 kwa sekunde. Wiki ya 3, katikati ya kipande kilichopandikizwa, panya waliotibiwa walikuwa na nyuzi zenye mayelini takribani 4600, na wasiotibiwa takribani 880. Kutembea kwao kulikuwa bora kati ya wiki ya 4 na ya 10. Ila sehemu inayosahaulika mara nyingi ni hii: kufikia mwezi wa 3, makundi yote mawili yalikuwa sawa. Mawimbi yaliharakisha uponaji, hayakuongeza kiwango chake cha mwisho.

Je, kuharakisha kuna faida? Kwa panya, ambaye neva yake ni fupi, faida ni ndogo. Kwa binadamu hesabu inabadilika. Neva huota kama milimita 1 kwa siku, na msuli uliokosa neva kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu huanza kugeuka mafuta na makovu usiweze tena kuipokea. Jeraha la juu ya kiwiko lina safari ya zaidi ya sentimita 30 kufika kwenye misuli midogo ya kiganja. Hapo kila wiki ina thamani. Matokeo ya panya, hata hivyo, hayahamishwi moja kwa moja kwa mtu, na kliniki inayoahidi kurudisha mkono uliopooza kwa mawimbi peke yake inaahidi kitu ambacho majaribio hayo hayakuonyesha.

Kinachofanya kazi hiyo ni seli za Schwann, zile zinazoizunguka aksoni, yaani uzi mrefu wa neva. Zikitikiswa kwa kiasi huongezeka haraka, na uchafu wa nyuzi zilizokufa huondolewa mapema, njia ya kuotea ikafunguka. Kwenye vifundo vya seli za neva kando ya uti wa mgongo, protini za uotaji kama GAP-43 huongezeka baada ya mawimbi. Shina hilohilo likipigwa kwa kipimo kikubwa, ala ya mayelini huvimba na kupasuka sehemu fulani, na kasi ya kupitisha umeme hushuka kwa muda. Kwa panya wazima kasi hiyo ilirudi. Neva ambayo tayari imebanwa au imechoshwa na kisukari haina akiba hiyo, nasi tusingeijaribu.

Kwa ufupi wa kazi: kwa maumivu ya kano au utando wa unyayo, nishati ya kati inakubalika mradi shina la neva haliko kwenye njia ya wimbi. Kwa neva yenyewe, baki karibu na 0.1 au chini yake.

Mashine ya kulenga na mashine ya kutawanya

Zote mbili huitwa "shokiwevu", na hilo ndilo chanzo cha makosa mengi. Ya kulenga ni ndugu wa mashine za kuvunja mawe ya figo, ambazo zilitumika kwa binadamu mara ya kwanza Munich mwaka 1980. Ya kutawanya ni kidude cha chuma ndani ya mrija, kinachosukumwa na hewa iliyobanwa hadi kigonge kichwa cha kishikio. Kwa lugha ya fizikia, hiyo ya pili haitoi wimbi la mshtuko hasa, bali wimbi la kawaida la mgandamizo.

| | Ya kulenga | Ya kutawanya |
|---|---|---|
| Mgandamizo | megapaskali 10 hadi 100 | takribani megapaskali 0.1 hadi 1 |
| Muda wa wimbi | kama mikrosekunde 0.2 | kama milisekunde 0.2, yaani mara elfu moja zaidi |
| Nguvu kubwa iko wapi | ndani, kwenye kitovu kilicholengwa | kwenye ngozi, kisha hupungua |
| Kina | hadi sentimita 12 kutegemea mashine | kama sentimita 3 |
| Kipimo kwenye kioo | mJ/mm² | baa (kizio cha mgandamizo wa hewa), kwa kawaida 1 hadi 5 |

Baa za mashine ya kutawanya hazigeuzwi kuwa mJ/mm² kwa hesabu ya kichwani. Baa 3 kwenye kichwa kipana na baa 3 kwenye kichwa chembamba ni vipimo viwili tofauti kwa neva iliyo chini yake. Ukinakili itifaki, nakili pia aina ya kichwa na kipenyo chake, la sivyo umenakili nusu.

Ipi ni salama zaidi kwa neva? Jibu la haraka huwa "ya kutawanya, kwa sababu ni dhaifu". Sisi hatukubali moja kwa moja. Nguvu yake kubwa iko kwenye ngozi, na neva nyingi zinazoumia kirahisi ziko hapohapo chini ya ngozi, zikiwa zimelalia mfupa. Ya kulenga ina nguvu zaidi, lakini kitovu chake kinaweza kuwekwa mbali na neva kwa msaada wa ultrasaundi. Kwa anayejua anatomia na ana picha mbele yake, ya kulenga ndiyo inayotawalika. Kwa asiye na picha, ya kutawanya kwa baa chache inasamehe zaidi kwenye misuli minene ya paja, tako na ndama. Kwenye kiwiko, kifundo cha mkono au kifundo cha mguu haisamehi.

Kulingana na tatizo

*Neva ya kati iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono.* Hii ndiyo neva ya yule ambaye vidole humfa ganzi usiku. Hapa mawimbi yanashindana na njia tatu zilizozoeleka. Banzi la usiku linalonyoosha kifundo ni la kuanzia kwa karibu kila mtu, halina hatari, na lipewe angalau wiki 6. Sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) inaleta nafuu ya haraka na kubwa, lakini huisha nguvu baada ya miezi. Upasuaji wa kufungua handaki (njia nyembamba ya kifundo ambamo neva hiyo hupita) ndio unaoondoa sababu yenyewe ya kubanwa. Mawimbi hayapanui handaki hata milimita moja: yanapunguza uvimbe na maumivu na huenda yakaisaidia neva kujitengeneza. Basi nafasi yake ni kwa tatizo dogo au la wastani, pamoja na banzi, hasa kwa mtu asiyetaka sindano. Majaribio ya binadamu yana matokeo mchanganyiko: baadhi yanaonyesha nafuu inayokaribiana na ya steroidi, mengine tofauti ndogo tu juu ya banzi. Jaribio moja la mwaka 2016 lilitumia mashine ya kutawanya, mapigo 2000 kwa baa 4 na kasi ya 5 kwa sekunde. Waliopigwa mara 3, wiki kwa wiki, walipata nafuu kuliko waliopigwa mara moja. Kwenye kifundo chembamba sisi tungeanza chini ya baa 4.

Ganzi ikiwa haiondoki mchana wala usiku, au nyama ya chini ya kidole gumba imeanza kubonyea, usilinganishe tena. Huyo ni wa daktari wa upasuaji, na kila mwezi wa mawimbi ni mwezi wa nyuzi zinazokufa.

*Kisigino.* Hapa mawimbi yana rekodi yao nzuri zaidi, na ufanisi huo kwa kiasi fulani unatokana na athari kwenye neva ndogo za maumivu. Mapigo 2000 kila kipindi, vipindi 3 kwa wiki 3, kisha tathmini kwenye wiki ya 12. Usichome sindano ya ganzi kabla ya kipindi cha nishati ndogo. Wagonjwa waliochomwa walipata nafuu ndogo kuliko wasiochomwa, kwa sababu nyuzi za maumivu zinahitaji kuamka ili mabadiliko yaanze, na ganzi inazilaza. Isitoshe, mgonjwa aliyetiwa ganzi hawezi kukuambia kwamba umegonga neva. Kama maumivu ya kisigino yanawaka moto, yanakuja hata mtu akiwa amekaa, na kuna ganzi upande wa nje wa unyayo, shuku tawi la neva lililobanwa, si utando wa unyayo. Kupiga palepale panapouma kutaichokoza zaidi.

*Misuli iliyokakamaa baada ya kiharusi.* Ushindani hapa ni na sindano ya botulinamu, ambayo huzuia msuli kupokea amri ya neva kwa miezi 3 hivi. Mawimbi nayo huathiri maungio ya neva na msuli: kwa panya, vipokezi vya asetilikolini (kemikali inayofikisha amri ya neva kwenye msuli) viliharibika kwa muda na nguvu ya umeme wa msuli ikashuka, lakini amri ya neva haikuchelewa kufika. Yaani shina la neva lilibaki zima. Jaribio la mwaka 2005 kwa wagonjwa 20 lilitumia nishati ndogo mno, 0.03 mJ/mm², mapigo 1500 kwenye misuli ya kukunja kifundo na 800 kwa kila msuli mdogo wa kiganja. Ukakamavu ulipungua kwa wiki 4 na zaidi, wa vidole hadi wiki 12 kwa baadhi yao, bila dalili ya neva kuumia. Botulinamu ina nguvu zaidi na ushahidi mwingi zaidi. Mawimbi hayana dawa inayoingia mwilini na yanaweza kurudiwa mapema. Piga tumbo la msuli, usifuate njia ya neva.

*Maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi.* Dawa za neva ndizo za kwanza. Mawimbi ni nyongeza, na kifuani hayafai kabisa kwa nishati kubwa kwa sababu ya mapafu yaliyo chini.

*Ganzi ya kisukari miguuni.* Tusingeyachagua. Neva zimeathirika kuanzia vidoleni kwenda juu, hakuna sehemu moja ya kulenga, na mguu usiohisi hauwezi kutoa onyo. Mwishoni mwa 2017 Marekani iliruhusu mashine moja ya mawimbi kwa vidonda vya mguu wa kisukari, na watu wakadhani ni ruhusa ya kutibu neva. Ni ruhusa ya kidonda.

Mahali pa kukwepa na yanayoharibika

Kuna sehemu nne ambazo kishikio hakipaswi kuzikanyaga bila picha ya ultrasaundi: mfereji wa nyuma ya kiwiko upande wa ndani, pale mtu akijigonga mkono mzima unapigwa shoti, chini kidogo ya goti upande wa nje, ambako neva huzunguka mfupa na ikiumia mguu hushindwa kunyanyuka mbele, nyuma ya kifundo cha ndani cha mguu, na kando ya nje ya kano ya kisigino, ambako neva ya hisia inashuka karibu sana na kano yenyewe. Sababu ni ileile kote: neva iko baina ya ngozi na mfupa, haina mto wa msuli, na mfupa hurudisha sehemu ya wimbi juu, kwa hiyo neva hupigwa mara mbili.

Anza na baa 1.5 au kiwango cha chini kabisa, uongeze polepole ndani ya mapigo 300 hadi 500 ya kwanza huku ukimuuliza mgonjwa. Maumivu mazito ya kubonyeza, anayosema "hapohapo ndipo", ni sawa. Shoti inayokimbia hadi kwenye vidole si sawa: simama, sogeza kishikio sentimita moja au mbili, badilisha mwelekeo, na ikirudi, acha eneo hilo. Tumeona wataalamu wakiifurahia shoti hiyo kama ishara kwamba "neva imefikiwa". Neva imefikiwa kweli, lakini kwa kugongwa.

Jeli iwe nyingi na isiwe na mapovu. Hewa hairuhusu wimbi kupita: nishati inarudi kwenye ngozi, mgonjwa anapata michubuko na vidoti vyekundu, na ndani hakuna kilichofika. Mtaalamu akiona hakuna mabadiliko hupandisha nguvu, na safari inayofuata, mapovu yakiwa hayapo, neva inapokea kipimo ambacho hakuna aliyekikusudia. Kwenye mashine ya kutawanya kosa hilo huja pia kupitia kidude cha chuma kilicholika: mapigo yanakuwa dhaifu na yasiyolingana, mtumiaji anazoea baa 4, kisha kishikio kinafanyiwa matengenezo na baa 4 zinakuwa za kweli. Baada ya matengenezo anza upya kutoka chini kwa kila mgonjwa.

Vipindi visiwe vya kila siku. Siku 5 hadi 7 katikati ndiyo desturi, kwani mabadiliko ya neva huchukua siku. Mgonjwa aliyechomwa sindano ya steroidi mahali hapo asubiri kama wiki 6, kano zikiwa zingali dhaifu.

Kwa nishati yoyote, usipige juu ya saratani wala juu ya mimba. Kwa nishati kubwa ongeza mapafu, ubongo na uti wa mgongo, ncha za mifupa inayokua ya watoto, na watu wenye tatizo kubwa la kuganda kwa damu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda azungumze kwanza na daktari wake.

Kupima kabla ya kupiga

Kabla ya kipindi cha kwanza andika mambo manne: maumivu kwa namba 0 hadi 10, eneo la ganzi likichorwa kwenye picha ya mkono au mguu, nguvu ya kubana kwa kidole gumba na cha shahada (au ya kunyanyua mguu), na kama kinapatikana, kipimo cha umeme wa neva. Rudia matatu ya kwanza kabla ya kila kipindi, na cha umeme mwishoni mwa wiki ya 12.

Maumivu yakishuka lakini eneo la ganzi likipanuka au nguvu ikipungua, usisome hiyo kama nafuu. Nyuzi zinazobeba maumivu zimenyamaza huku neva nzima ikididimia, na tiba isimamishwe siku hiyohiyo. Maumivu yakibaki palepale baada ya vipindi 3 lakini nguvu na hisia ziko imara, subiri hadi wiki ya 12 kabla ya kuongeza kipindi cha 4 au kupandisha nishati, kwa kuwa nyuzi nyembamba huenda bado ziko katikati ya mabadiliko yao. Na kama kipimo cha umeme kinaonyesha kasi imeshuka kuliko mwanzo, mgonjwa aende kwa mtaalamu wa neva akiwa na karatasi zote mbili za kipimo hicho, ya mwanzo na ya mwisho, mkononi, pamoja na namba halisi za nishati, mapigo na tarehe za kila kipindi.